Daraja la Kujitambua: Historia ya Ngazi za Kiroho katika Sayantolojia

Utangulizi

Dini nyingi tunazozifahamu katika eneo letu zilitufikia zikiwa tayari na msamiati wake. Maneno kama roho, nafsi, toba na wokovu tumeyatumia kwa muda mrefu kiasi kwamba hatujiulizi tena nani aliyachagua na kwa nini. Ni nadra mwanaisimu kupata nafasi ya kuitazama dini ikiunda msamiati wake tangu neno la kwanza, tarehe zikiwa zinajulikana na maandishi yakiwapo. Sayantolojia, iliyoanzia Marekani katikati ya karne ya 20, inatupa nafasi hiyo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wafuasi wa Sayantolojia wanavyoyafahamu maendeleo ya kiroho na kujitambua kwa mtu binafsi, na jinsi ufahamu huo ulivyobadilika tangu mwaka 1950. Hoja yetu ni moja. Ndani ya historia hii kuna swali lililorudi katika kila kipindi: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mtu amepiga hatua kiroho? Je, ni yeye mwenyewe, au ni taasisi inayomwongoza? Jibu lilibadilika kipindi hadi kipindi, na kumbukumbu za mabadiliko hayo zimo ndani ya maneno. Hatukusudii kumhubiria msomaji, wala hatukusudii kuibeza imani ya mtu yeyote.

Kabla ya dini: 1950 hadi 1952

Mwanzilishi wa Sayantolojia, L. Ron Hubbard, alizaliwa Tilden, Nebraska, mwaka 1911. Kabla ya kujulikana kama kiongozi wa kiroho alikuwa mwandishi wa hadithi za kubuni, zikiwamo za kisayansi. Mwezi Mei 1950 alichapisha kitabu chake Dianetics: The Modern Science of Mental Health, na katika muda mfupi kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa sana Marekani.

Kitabu hicho hakikuzungumzia dini. Kilidai kutoa njia ya kutibu akili. Kwa mujibu wa Hubbard, akili ina sehemu mbili. Kuna akili ya uchambuzi, inayofikiri na kukokotoa. Na kuna akili ya mwitikio, inayohifadhi picha za matukio ya maumivu, hasa yale yaliyompata mtu akiwa amepoteza fahamu. Picha hizo aliziita engramu. Neno hilo halikuwa lake: mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Semon, alikuwa ameshalitumia kutaja alama ambayo tukio huacha katika mwili wa kiumbe. Hubbard alilichukua akalipa maana mpya. Mtu aliyeondolewa engramu zote aliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kufutika au kuwa wazi, na Hubbard mwenyewe alilifafanua kwa mfano wa mashine ya kuhesabia, ambayo hutoa majibu ya makosa mpaka tarakimu za awali zifutwe.

Jambo la kuzingatia hapa ni nani aliyeruhusiwa kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1950 ilimtosha mtu kununua kitabu. Marafiki wawili waliweza kukaa sebuleni, mmoja akauliza maswali na mwingine akasimulia yaliyompata, kisha wakabadilishana zamu. Vikundi vya aina hiyo vilichipuka katika miji mingi ya Marekani bila kusubiri kibali. Maendeleo yalikuwa ni yale ambayo mtu mwenyewe aliyahisi.

Uhuru huo ulikuwa na udhaifu wake. Mwezi Agosti 1950, katika ukumbi wa Shrine mjini Los Angeles, Hubbard alimleta jukwaani mwanamke kijana akamtangaza kuwa ameshafikia hali hiyo ya kufutika na kwamba anakumbuka kila kitu. Alipoulizwa maswali mepesi na watazamaji, ikiwamo rangi ya tai ya Hubbard aliyekuwa amempa mgongo, alishindwa kujibu. Mwezi uliofuata Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kiliwataka wanachama wake wasiitumie mbinu hiyo katika tiba mpaka ushahidi wa kisayansi upatikane. Taasisi zilizoanzishwa ziliingia katika madeni, na mwaka 1952 ile iliyokuwa Wichita, Kansas, ilifilisika.

Kuingia kwa roho: 1952 hadi 1954

Wakati huohuo watu waliokuwa wakisimulia matukio ya zamani walianza kusimulia mambo ambayo hayangeweza kutokea katika maisha yao ya sasa. Walitaja vifo, safari na miili mingine. Baadhi ya viongozi wa awali waliona aibu na kutaka masimulizi hayo yaachwe. Hubbard aliyapokea. Ikiwa mtu anakumbuka maisha mengine, basi kuna kitu kinachoupita mwili, na kitu hicho kilihitaji jina.

Aliunda neno kutokana na herufi ya Kigiriki theta, nasi hapa tunalitohoa kuwa thetani. Mafundisho yake yanatofautiana kidogo na yale tuliyoyazoea. Hayasemi kwamba mtu ana roho. Yanasema kwamba mtu ndiye roho, na kwamba akili na mwili ni vitu anavyovitumia. Mwaka 1952 mfumo huo mpya ulipewa jina la Sayantolojia, lililounganisha neno la Kilatini la kujua na lile la Kigiriki la elimu. Kanisa lilisajiliwa Camden, New Jersey, mwezi Desemba 1953, na lile la California likafuata mwezi Februari 1954.

Hapo ndipo dhana ya kujitambua ilipobadilika. Mwaka 1950 kujitambua kulikuwa ni kukumbuka yaliyokuumiza. Kuanzia 1952 kukawa ni kutambua kwamba wewe ni roho isiyokufa iliyosahau uwezo wake. Kukua kiroho kulielezwa pia kuwa ni kupanuka. Mafundisho yanataja misukumo minane ya uhai: nafsi yako, familia na uzazi, kundi, binadamu wote, viumbe hai, ulimwengu wa vitu, roho, na mwisho ukomo usiopimika, ambao wengine wangeuita Mungu. Asiyejitambua huishi kwa ajili ya msukumo wa kwanza tu; anayekua hubeba jukumu la misukumo mingi zaidi.

Aidha, chombo kipya kiliingia chumbani. Ni kifaa cha umeme chenye mikebe miwili ambayo mhusika huishika mikononi. Mkondo mdogo wa umeme hupita mwilini, na sindano huonyesha mabadiliko ya ukinzani. Wafuasi huamini kwamba mwendo wa sindano huonyesha mahali palipo na jambo zito katika nafsi. Kuanzia hapo maendeleo ya mtu yalikuwa na shahidi wa pili mbali na mhusika mwenyewe.

Mwaka wa chati: 1965

Mwaka 1959 Hubbard alinunua jumba la Saint Hill karibu na East Grinstead, kusini mwa Uingereza, ambalo awali lilikuwa mali ya Maharaja wa Jaipur. Ni huko ambako mwaka 1965 ilitolewa chati ya ngazi ambayo, pamoja na marekebisho ya baadaye, inatumika hadi leo. Husomwa kutoka chini kwenda juu. Upande mmoja unahusu mafunzo ya wale watakaowasikiliza wenzao, na upande mwingine unahusu hatua anazopitia anayesikilizwa. Neno utambuzi limo katika jina lenyewe la chati, na hali za utambuzi zimepangwa kwa nambari, nyingine zikiwa chini ya sifuri.

Ngazi za mwanzo ni za kawaida kabisa, na pengine hapo ndipo palipo na mvuto wake. Ya kwanza huahidi uwezo wa kuzungumza kwa uhuru na mtu yeyote juu ya jambo lolote. Ya pili huhusu kutambua chanzo cha matatizo. Ya tatu huhusu nafuu inayotokana na kukiri mabaya uliyoyatenda na kuyaficha. Ya nne huhusu kuachana na machungu ya zamani, na ya tano kutoka katika mazoea yaliyomfunga mtu ili aweze kufanya mambo mapya. Nani kati yetu hangependa kupata walau moja ya hizo? Juu yake ndipo ilipo hali ya kufutika, na juu zaidi ngazi za Thetani Mtendaji, yaani roho inayotenda bila kutegemea mwili.

Mwaka huohuo wa 1965, mwezi Februari, Hubbard alitoa waraka uliosisitiza kwamba njia yake ni sahihi, kwamba ni lazima itumike kama ilivyoandikwa, na kwamba asiruhusiwe mtu kuibadilisha. Anayeibadilisha hupewa katika msamiati wao jina la mnyama: kindi. Tukiuweka waraka huo kando ya chati tunaona mvutano ambao haujaisha. Kwa upande mmoja mafundisho yanamwambia mfuasi kwamba la kweli kwake ni lile aliloliona mwenyewe. Kwa upande mwingine, njia ya kuliona imepangwa, imefungwa, na haina nafasi ya marekebisho.

Utaratibu wa kumaliza ngazi unaonyesha mvutano huo vizuri. Mfuasi anapohisi kwamba amefika, hutamka hivyo na kuandika ushuhuda wa mafanikio yake. Lakini kabla ya kupewa cheti hupelekwa mbele ya mtahini, ambaye huitazama sindano ya kile kifaa. Kwa hiyo kauli ni ya mfuasi, ila mhuri ni wa taasisi.

Kuanzia 1966 na 1967 uliongezwa usiri. Mafundisho ya ngazi za juu hayasomwi na asiyefikia hatua inayostahili. Mwaka 1967 Hubbard aliunda Sea Org, kundi la watumishi wa kudumu lililoanzia baharini, na ngazi ya nane ya Thetani Mtendaji ilitolewa mwaka 1988, miaka miwili baada ya kifo chake, ndani ya meli iitwayo Freewinds. Kutoka sebule ya 1950 hadi meli ya 1988, uamuzi juu ya maendeleo ya mtu ulikuwa umesafiri mbali na mikono yake.

Neno lisiloeleweka

Kuna sehemu ya historia hii inayotugusa moja kwa moja sisi walimu wa lugha. Mwaka 1964, kule Saint Hill, Hubbard alitoa mihadhara kuhusu namna ya kujifunza. Alitaja vikwazo vitatu: kusoma juu ya kitu bila kukiona wala kukigusa, kuruka hatua, na kupita neno usilolielewa. Hicho cha tatu alikiona kuwa kikubwa kuliko vyote. Mwanafunzi akianza kupiga miayo au kukichukia kitabu, hurudishwa nyuma alitafute neno alilolipita, alisome katika kamusi kwa maana zake zote na alitungie sentensi mpaka lieleweke. Mwaka 1975 ilichapishwa kamusi ya istilahi za mfumo huo.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili atakubali kwamba kuna busara hapo. Mara ngapi tumeona mwanafunzi akikariri ufafanuzi wa ngeli bila kujua maana ya upatanisho? Hata hivyo, tunaona mipaka miwili. Kwanza, watu hujifunza maneno mengi kwa muktadha. Mtoto hajifunzi lugha yake kwa kamusi. Pili, na hili ni zito zaidi, kuelewa kila neno la sentensi si sawa na kukubali kwamba sentensi ni ya kweli. Wakosoaji wa Sayantolojia, wakiwamo waliowahi kuwa wafuasi, wamesema kwamba mwanafunzi akitilia shaka fundisho huchukuliwa kuwa kuna neno hakulielewa. Katika hali hiyo kamusi huacha kuwa chombo cha kufungua mjadala, ikawa chombo cha kuufunga. Nasi katika madarasa yetu tujiulize: mwanafunzi anayetupinga tunamjibu hoja yake, au tunamrudisha akasome upya?

Mahakama na maana ya dini

Swali la nani anayepima maendeleo ya kiroho lilifika pia mbele ya dola. Mwaka 1963 maofisa wa serikali ya Marekani walivikamata vifaa vya umeme vya kanisa la Washington, wakidai vinatangazwa kuwa vinatibu magonjwa. Mwaka 1971 mahakama iliamua kwamba vinaweza kutumika katika ushauri wa kidini peke yake, vikiwa na maandishi ya kuonya kwamba havitibu ugonjwa wowote. Uamuzi huo uliutenga uwanja wa roho na uwanja wa hospitali, mpaka ambao kitabu cha 1950 hakikuwa nao.

Nchini Australia, Mahakama Kuu ilikubali mwaka 1983 kwamba Sayantolojia ni dini. Marekani iliipa msamaha wa kodi tarehe 1 Oktoba 1993, baada ya mgogoro wa miaka mingi. Uingereza ilikuwa imekataa mwaka 1970 kulisajili kanisa lao kuwa mahali pa ibada, kwa sababu majaji hawakuona humo ibada ya Mungu. Lakini mwezi Desemba 2013 Mahakama ya Juu ilibatilisha msimamo huo, ikieleza kwamba maana ya dini isifungwe katika imani ya Mungu mkuu. Kesi hiyo iliwahusu wachumba waliotaka kufunga ndoa kanisani kwao.

Kwingineko mambo yalikuwa tofauti. Mahakama ya Paris iliitia hatiani taasisi hiyo mwaka 2009 kwa ulaghai uliofanywa kwa pamoja, kutokana na malalamiko ya watu waliosema walishinikizwa kulipia vitabu, kozi na huduma, na hukumu ilithibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2012 na Mahakama ya Juu ya Ufaransa mwaka 2013. Ni jambo la kutafakari kwamba mwaka uleule, pande mbili za mlango wa bahari, mahakama moja ilizungumza juu ya ibada na nyingine juu ya fedha. Kila moja ilijibu swali iliyoulizwa. Chati ina pande zote mbili, kwa kuwa hatua nyingi za kuipanda hulipiwa.

Wako pia walioondoka bila kuiacha imani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, uongozi wa kanisa ulipobadilika, baadhi ya wafuasi wa muda mrefu walijitenga na kuendelea kusikilizana nje ya taasisi. Makundi hayo hujulikana kwa jina la Ukanda Huru. Kwa kanisa hao ni kindi. Kwao wenyewe, wamerudi katika sebule ya 1950, ambapo mtu husema amefika bila kuonyesha cheti.

Tatizo la mfasiri

Tumalizie na kazi yetu ya kila siku. Mwanafunzi wetu akipewa matini ya Sayantolojia aifasiri kwa Kiswahili, atakumbana na mitego. Mtu anayeuliza maswali huitwa kwa neno ambalo ofisini humaanisha mkaguzi wa hesabu. Lakini asili yake ya Kilatini ni kusikia, na ndiyo maana iliyokusudiwa. Kwa hiyo msikilizaji ni bora kuliko mkaguzi. Aliyefutiwa engramu tukimwita aliyetakata, tutakuwa tumemsogeza karibu mno na mtakatifu, ilhali mfano wa asili ni wa mashine ya kuhesabia. Nalo neno thetani, ingawa limetoholewa kwa kanuni zote, linatofautiana na shetani kwa sauti moja tu. Msomaji wa Kampala au wa Bujumbura atalisikia vibaya kabla hajalielewa. Mfasiri achague: abaki na tohozi na kulieleza mapema, au atumie roho na kupoteza kile kinachoitofautisha imani hii na nyingine?

Hata hivyo kuna mahali ambapo Kiswahili kinaipita lugha ya asili. Wafuasi huiita njia yao yote kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kivuko juu ya maji, kisha huhitaji neno jingine kutaja ngazi zilizomo. Sisi tuna neno moja: daraja. Ni kitu cha kuvukia, na ni cheo cha kupandia. Ndani ya neno hilo mna historia nzima tuliyoieleza. Mwaka 1950 watu waliahidiwa daraja la kuvuka, nalo huvukwa na yeyote mwenye miguu. Kufikia 1965 wakawa na daraja la kupanda, nalo hutolewa na mwenye mamlaka ya kulitoa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kujitambua katika Sayantolojia kulianza kama tiba, kukawa imani, kisha kukawa mfumo wa vyeo wenye siri na gharama. Wapo waliosema kwa dhati kwamba ngazi hizo ziliwapa utulivu na ujasiri, na wapo waliosema kwa dhati kwamba ziliwapotezea fedha na miaka. Mwalimu wa lugha hana mizani ya kuwapima. Analoweza ni kufundisha kusoma kwa makini: kila neno la kiroho linapotumika, mwanafunzi aulize limetoka wapi, lilibadilika lini, na ni nani aliyepewa nguvu na badiliko hilo. Swali hilo halihusu Sayantolojia peke yake. Linafaa kuulizwa katika kila nyumba ya ibada, na katika kila chuo kinachotoa vyeti, chetu kikiwamo.

Tunawakaribisha wasomaji watuletee mapendekezo yao ya istilahi tulizozijadili, hasa thetani, ili tuyajadili katika toleo lijalo.